Nimfundishe vipi aliyenifundisha?

Shikamoo mama,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ila sikudhani nami ningefika mezani kwako. Nafanya kazi kitengo cha TEHAMA katika chama cha akiba na mikopo hapa Dar es Salaam. Jina la chama naomba lisitajwe. Wanachama wetu ni watumishi, wengi wanaomba mikopo kwa simu, kwa hiyo mfumo ukilala hata saa moja ofisi haikaliki.

Katika ukaguzi uliopita tuliulizwa swali lililotukosesha jibu: chumba cha seva kikiungua leo, kesho mwanachama atajuaje salio lake? Uongozi ulishtuka, fedha zikatoka. Tukafunga seva nyingine kwenye tawi letu la Dodoma, na sasa kanzidata ya Dar, yaani kumbukumbu zote za wanachama na miamala yao, inanakiliwa kule muda wote, muamala kwa muamala. Kwenye fani yetu tunaiita replikesheni. Mimi ndiye niliyepelekwa kuisomea, kwa hiyo mimi ndiye nimepewa kuwafundisha wasimamizi wa mifumo wenzangu wanne: nakala inavyosafiri, namna ya kujua imechelewa kiasi gani, namna ya kuhamishia huduma Dodoma ikiwa Dar imeanguka, na namna ya kurudi Dar bila kupoteza yaliyokwisha kuandikwa Dodoma. Mwishoni kila mmoja anafanya zoezi peke yake, nami najaza fomu. Fomu ina visanduku viwili tu, ANAWEZA na HAWEZI, na chini yake sahihi yangu. Anayepita anaingizwa kwenye zamu za usiku, mtu mmoja kila zamu.

Watatu kati ya hao wanne ni vijana. Wa nne ni Mzee.

Mama, huyu Mzee ndiye aliyenipokea nilipokuja kama mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Wengine walikuwa wananituma chai. Yeye alinipa bisibisi, akaniambia, "Binti, fungua hii seva, uniambie kila kilichomo ni cha nini." Alinifundisha kuandika kila hatua kwenye kaunta buku kabla sijaigusa mashine. Nilipopata ajira ni yeye aliyenisemea. Kwenye harusi yangu alikaa upande wa wazazi. Mpaka leo ananiita binti, nami namwita baba.

Darasani anafika wa kwanza, anakaa nyuma, anaandika kila neno. Lakini tukifika kwenye vitendo anasema, "Anza na vijana, mimi natazama." Nikimsihi, miwani imesahaulika nyumbani, au kuna simu lazima aipokee nje. Tangu tuanze hajagusa kibodi. Na nikiuliza swali, jibu lake ni tepu. Kila Ijumaa bado anatoa tepu ya bakapu, yaani nakala ya akiba ya data zetu, na kuipeleka kwenye chumba cha hazina cha benki, kazi ambayo vijana wanasema imepitwa na wakati na uongozi nao unafikiria kuifuta. Yeye anashikilia palepale: "Hiyo ya Dodoma si bakapu." Siku moja kijana mmoja akasema chinichini, lakini tukasikia wote, "Mzee bado yuko enzi za kaseti." Wakacheka. Mzee naye akacheka, ila alifunga daftari lake na hakulifungua tena siku ile.

Tena anatuchelewesha. Kuna zoezi nilikata mtandao kati ya mashine mbili za mazoezi, nikawaambia wahamie Dodoma haraka. Kijana mmoja alikwisha weka kidole tayari kubonyeza, Mzee akauliza kutoka nyuma, "Umejuaje kama ile ya Dar imekufa? Pengine ni njia tu iliyokatika." Yakazuka mabishano, kipindi kikaisha na zoezi halikufanyika. Na muda wenyewe ni mdogo.

Sasa meneja ameniambia niweke sahihi kwa wote wanne, mkaguzi anarudi mwezi ujao, mengine tutamalizana wenyewe. Nikiandika HAWEZI, nimesikia Mzee atahamishiwa stoo ya vifaa mpaka astaafu, na amebakiza mwaka na ushee kufika 60. Nikiandika ANAWEZA, usiku mmoja atakuwa peke yake na akiba za watu, na ninavyoona mimi hawezi. Mume wangu anasema weka sahihi maisha yaendelee. Mama yangu anasema mtu hamvui nguo mzee wake. Rafiki yangu anasema niyakabidhi mafunzo kwa mwingine. Nimewaza pia kwenda nyumbani kwake jioni nimfundishe faragha, lakini nikishapiga hodi nitasema nini? Kwamba mimi mwanawe nimekuja kumpa tuisheni?

Nifanye nini, mama?

Mwanafunzi wa Jana,
Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wengine hawajui, lakini kabla ya safu hii mimi nilikuwa mtu wa chumba cha kompyuta, kile chenye baridi ya kuvalia sweta saa sita mchana. Kwa hiyo utanivumilia nikikaa kidogo kwenye mambo ya seva. Nina hisia kwamba nusu ya jibu la swali lako la kifamilia limelala humo.

Unaniuliza kama utie sahihi au usitie. Nikiisoma barua, naona mambo matatu yamefungwa kwenye kamba moja. Kuna usalama wa akiba za wanachama usiku wa maafa. Kuna heshima ya mtu aliyekulea kikazi, anayekaribia kuondoka. Na kuna wewe, uliyepewa ualimu na utahini kwa pamoja, kisha ukaambiwa na matokeo yenyewe kabla ya mtihani. Fomu yenye visanduku viwili haiwezi kuyabeba yote hayo, na sidhani kama kukulemea kwake kunatokana na udhaifu wako.

Nianze na neno ulilolitumia, kwamba hawezi. Umeona nini hasa? Umeona mtu mzima asiyegusa kibodi mbele ya vijana waliokwisha kumcheka. Hilo ni kweli, na ni tatizo, maana usiku wa zamu kibodi lazima iguswe. Lakini kutogusa mbele za watu na kutoweza ni vitu ambavyo kwa macho vinafanana sana. Huenda vidole havijui. Huenda anajua zaidi ya unavyodhani ila hataki kukosea mbele yako wewe hasa, kwa sababu wewe ndiye ushahidi wa kazi yake nzuri. Huenda miwani kweli haimtoshi na herufi za skrini haziendi, jambo ambalo wanaume wa umri wake hawalisemi. Hakuna hata moja kati ya haya lililopimwa bado.

Sasa nirudi kwenye lile zoezi la kukata mtandao. Wewe umelipita kama kero ya muda. Mimi nilisimama hapo.

Swali la Mzee, "umejuaje kama ile ya Dar imekufa," ndilo swali gumu kuliko yote katika kazi hii mnayofundishana. Tuseme faiba, ule waya wa mtandao wa kwenda Dodoma, imekatika lakini seva ya Dar iko hai, inaendelea kupokea marejesho ya watu. Kijana wako anabonyeza, Dodoma nayo inajitangaza kuwa kuu. Sasa chama kina leja mbili, zote zinaandikwa, kila moja inajiona ndiyo halali. Mwanachama analipa deni Dar, anakopa tena Dodoma. Njia ikirudi utaziunganisha vipi? Hakuna amri ya kuziunganisha, mwanangu, ni kukaa na karatasi na kalamu. Na sisi huku hatuhitaji kuelezwa njia kukatika ni nini. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota karibu Afrika Mashariki yote. Seva hazikuwa na kosa lolote.

Walioteleza hapo si watoto wadogo. Oktoba 21, 2018, kampuni ya GitHub ya Marekani, inayotunza programu za wahandisi wa dunia nzima, ilipoteza mawasiliano kati ya vituo vyake viwili vya pwani ya mashariki kwa sekunde 43 tu, mafundi walipokuwa wakibadilisha kifaa cha mtandao. Programu yao ya kuhamisha huduma haikumuuliza mtu. Ikaipa ukuu kanzidata ya pwani ya magharibi. Njia iliporudi, mashariki kulikuwa na maandishi ambayo magharibi hayakufika, na magharibi kulikuwa na mapya. Walihitaji saa 24 na dakika 11 kuweka mambo sawa. Sekunde 43! Nakuachia uamue kama mzee wako alikuwa anachelewesha somo, au somo lilikuwa pale na kengele ndiyo iliyowakatiza.

Na ndiyo maana nina swali ambalo hukuniuliza. Wale vijana watatu, wao wanaweza? Barua yako haiwatilii shaka hata kidogo. Yule aliyekwisha weka kidole angepita mtihani wa kasi bila taabu. Sisemi umnyime kisanduku. Nasema ikiwa fomu inampitisha aliyetaka kubonyeza bila kuuliza, na inamwangusha aliyeuliza bila kubonyeza, basi kabla ya kumpima mtu kwa fomu hiyo, fomu yenyewe ingetazamwa.

Halafu kuna hili la "Dodoma si bakapu." Mwanangu, hapa Mzee yuko sahihi moja kwa moja, na vijana wako wanahitaji kulisikia kutoka kwako, si kwake. Replikesheni ni kama karatasi ya kaboni ya kitabu cha risiti: ukikosea juu, kosa limeshafika chini. Mtu akifuta jedwali la mikopo Dar kwa bahati mbaya, au kirusi kikilisokota, Dodoma italipokea kosa hilo kwa uaminifu uleule inaopokea nao marejesho. Dodoma inakulinda dhidi ya moto na mafuriko ya Dar. Dhidi ya mkono wa binadamu haikulindi.

Mfano ninaoupenda una Afrika ndani yake. Juni 27, 2017, kirusi kilichoitwa NotPetya kiliingia kwenye mitandao ya kampuni ya meli ya Maersk kupitia programu ya uhasibu ya Ukraine. Maersk walikuwa na seva takriban 150 duniani zilizotunza utambulisho wa watumiaji na mashine zao zote, na kila moja ilikuwa inazinakili nyingine. Mpango ulikuwa kwamba ikifa moja, zimebaki nyingine. Zilifutika pamoja. Hakuna aliyefikiria siku ambayo zote zingekufa kwa mkupuo. Ikaja kugundulika kwamba imebaki moja, Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko na seva ilikuwa imezimika kirusi kilipopita. Mtandao wa ofisi ile ulikuwa mwembamba mno kusafirisha data hiyo, kwa hiyo diski ikabebwa mkononi kwa ndege, ikapokezanwa Nigeria, mpaka Uingereza. Kampuni kubwa namna ile ilijiinua kutoka kwenye nakala ambayo, kwa bahati tu, haikuwa imeunganishwa na chochote. Tepu ya Mzee iliyolala hazina ya benki haijaunganishwa na chochote, na hiyo si bahati. Anaipeleka kwa makusudi kila Ijumaa.

Lakini nisimpambe kupita kiasi. Tepu isiyowahi kurudishwa ni matumaini tu. Januari 31, 2017, fundi mmoja wa GitLab, kampuni nyingine ya kutunza programu, akihangaika usiku na replikesheni iliyokuwa imebaki nyuma, alifuta folda ya kanzidata akidhani yuko kwenye seva ya nakala. Alikuwa kwenye seva kuu. Karibu gigabaiti 300 ziliondoka. Wakakimbilia bakapu za kila siku, wakakuta hakuna kitu: programu ya bakapu ilikuwa toleo la zamani lisilopatana na kanzidata yao, ilikuwa inashindwa kimyakimya, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ya diski, yaani nakala ya diski kama ilivyokuwa dakika ile, ambayo mtu aliipiga kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kilichoandikwa baada ya hapo hakikurudi. Kwa hiyo nauliza, katika Ijumaa zote hizo, kuna aliyewahi kuirudisha data kutoka kwenye tepu za Mzee hata kwenye mashine ya majaribio? Na kisomaji cha tepu chenyewe mkiharibikiwa, mnacho kingine?

Hapa naona mlango, na mlango huo una kizingiti. Ungeweza kumwomba Mzee afundishe kipindi kimoja: kurudisha kanzidata kutoka kwenye tepu, yeye mbele, vijana wakiandika. Ni somo la kweli, halijatungwa kumfariji, na mpango wenu wa maafa hautimii bila hilo. Kibodi ataigusa akiwa kwenye uwanja wake, na mkono ukishazoea kuonekana, safari ya kwenda kwenye uwanja wako hupungua. Kizingiti ni hiki: tepu isiposomeka siku hiyo, umemwaibisha mara mbili. Kwa hiyo ingefaa mjaribu kwanza nyinyi wawili, chumba kikiwa kitupu. Pia yuko makini, atanusa haraka kama anapewa kazi ya kumpooza. Ukimwendea na jambo hili, liwe limetoka kwenye haja ya chama, na ulimaanishe.

Na mkiwa kwenye mazoezi, ya tepu au ya Dodoma, msitumie majina na madeni halisi ya wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na mashine za mazoezi ndizo watu husahau kuzilinda. Tungeni wanachama wa uongo. Wapeni mikopo ya ajabu ajabu, vijana watafurahi.

Tuje kwenye sahihi. Naiona heshima unayotaka kumpa ukiandika ANAWEZA. Naomba tu uitazame mpaka mwisho wake. Saa tisa usiku, Dar imezimika, Mzee yuko peke yake na amri ambazo mkono wake haujawahi kuziandika. Akikosea, miaka yake yote ya kazi itasimuliwa kwa kosa lile moja, na fomu itasema ulimthibitisha. Unaweza kumsitiri mtu kwa namna inayomweka uchi baadaye. Upande wa pili, ukiandika HAWEZI leo, utakuwa umeandika jambo ambalo, kama nilivyosema, hujalipima, na stoo ikishamfungulia mlango hakuna atakayemrudisha kwa mwaka na ushee uliobaki. Kuyakabidhi mafunzo kwa mwingine kutakutoa wewe kwenye moto, yeye kutamwacha humo, na huyo mwingine huenda asijue alichowahi kukufanyia.

Katikati kuna njia zinazohusu fomu na zamu badala ya mtu. Nani aliiandika ile fomu? Kama ni ofisi yenu, inaweza kuandikwa upya: anaeleza hatari, anapima ucheleweshaji wa nakala, anahamisha, anarudisha, kila kimoja na mahali pake, na nafasi ya kuandika "bado" au "akiwa na mwenzake." Meneja anaweza kukasirika, hilo ulitegemee. Ila kwa jinsi nilivyowazoea wakaguzi, pengo lililoandikwa wazi na tarehe ya kulifunga huwasumbua kidogo kuliko karatasi nne safi ambazo wakiomba zoezi la papo hapo zinapasuka. Unaweza kumweleza meneja kwa lugha hiyo, kwamba unamkinga na yeye. Asipokusikia, weka maoni yako kwa maandishi, kwa adabu, ubaki na nakala. Hilo nalo lina gharama kazini, wewe ndiye unayemjua meneja wako.

Na hii zamu ya mtu mmoja mmoja, mwanangu, imetoka wapi? Kuhamia Dodoma si kazi ya vidole peke yake. Kutoka Dar mpaka Dodoma ni kilomita kama 450 kwa barabara, na mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu ya sekunde. Kwenda na kurudi tu ni milisekunde nne na nusu hivi, kabla ya vifaa vya njiani havijaongeza vyao. Mkiamua kila muamala usubiri Dodoma ijibu, mfumo utakuwa mzito kidogo, na njia ikikatika Dar nayo inaweza kusimama ikisubiri. Msiposubiri, kuna miamala ambayo haitakuwa imefika Dodoma wakati Dar inaanguka, na anayebonyeza anakubali kuipoteza au kuitafuta baadaye. Kukubali kupoteza marejesho ya watu ni uamuzi wa uongozi. Hauwezi kuwa wa msimamizi wa mifumo aliyebaki peke yake saa tisa usiku, awe na miaka 25 au 58. Sehemu nyingi hugawa: mmoja anaamua na kuuliza maswali, mmoja anabonyeza, mmoja anaandika kila hatua na saa yake, mmoja anazungumza na matawi. Ukiniambia nimtafutie mtu wa kuuliza maswali na kuandika kila hatua kwenye kaunta buku, najua wa kumpigia simu. Lakini zamu za watu wawili zinataka posho mbili, na uongozi unaweza kukataa. Hapo tatizo la mkono wake litabaki palepale, na itabidi lizungumzwe.

Ndiyo, nakuja kwenye hodi.

Mimi ningekwenda. Wewe unaweza kuona tofauti. Ila nisingekwenda na tuisheni. Ungeenda na swali, kama binti, umebeba kitu cha watoto wake au wajukuu kama mlivyozoea. Hujui bado anataka nini. Labda stoo unayoiogopa wewe, yeye anaiona pumziko. Labda tayari anawaza kuomba kustaafu, maana 55 ameshaivuka na hiari anayo. Labda anataka sana kubaki na anasubiri mtu amtoe kwenye ile nyuma ya darasa bila makelele. Jaribu kumweleza hali ilivyo, fomu, meneja, mkaguzi, na kwamba sahihi inayotakiwa ni yako. Umwambie umekwama, maana umekwama kweli. Aliyekufundisha kufungua seva anaweza pia kukusaidia kufungua hili, na kuombwa ushauri hakujawahi kumvua mzee nguo. Kuna hatari atakasirika, aone umemleta kwenye kona. Kuna hatari atasema, kwa mapenzi, "Weka sahihi tu binti, nitajitahidi," nawe utoke ukiwa umefungwa zaidi. Jiandae kwa jibu hilo kabla hujavua viatu. Labda umwombe muda pale pale, mfanye zoezi la Dodoma wawili kwenye mashine za mazoezi, Jumamosi ofisi ikiwa haina watu, yeye kwenye kibodi na wewe ukisoma hatua kutoka kwenye daftari lake. Baada ya hapo neno "hawezi" au "anaweza" litakuwa na kitu nyuma yake, na atakuwa amelisikia kwa masikio yake kabla halijafika kwenye karatasi.

Yule kijana wa kaseti usimwache hivi hivi. Usimkaripie mbele za wenzake. Mpe hadithi ya Ghana aiwasilishe kipindi kijacho, aitafute mwenyewe, aeleze kwa nini seva zile zote zilikufa na ile moja ikapona. Akimaliza, muulize mbele ya wote ni kifaa gani ofisini kwenu kinachofanana nayo.

Meneja wako bado ana wiki kadhaa kabla ya mkaguzi. Rasimu ya fomu mpya inaweza kuwa mezani kwake kabla ya hapo, na ukipenda nitumie niipitie. Unitajie tu mnatumia kanzidata gani, maana nyingine zina uwezo wa kuifanya nakala moja ibaki nyuma saa kadhaa kwa makusudi, ili kosa la mkono likamatwe kabla halijafika kote. Mzee akilisikia hilo nadhani litampendeza.